Salamu Ndefu za Aikande

Mwezi uliopita binti mmoja alipanda kwangu Masama akiwa na viatu vyeupe kabisa. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akanipa kadi iliyosema yeye ni Mtaalamu wa Uzoefu wa Mtumiaji. Nikaisoma, nikavua miwani, nikaifuta, nikaisoma tena. Kumbe kazi niliyoifanya miaka ishirini na sita ina jina zuri namna hiyo! Mimi nilipokuwa naifanya, mume wangu aliwaambia watu pale kanisani kwamba mke wake analipwa kutazama wenzake wakibonyeza.

Wala hakukosea. Nilikuwa nakaa nyuma ya bega la mtu aliyeletewa mashine asiyoiomba, namtazama akihangaika nayo, halafu narudi Moshi mjini kumwandikia ripoti yule aliyeitengeneza. Huyo kwa kawaida hakuisoma. Sasa binti wa viatu vyeupe ameniomba niwaandikie ninyi vijana wenzake mambo kumi niliyojifunza kazini. Kumi sina. Ninalo moja, tena lilinitia aibu, kwa hiyo kaeni vizuri.

Lakini kwanza mjue nilikotoka, maana ninyi mnadhani kila kitu kilianza na simu ya kugusa. Nilianza kama mpiga chapa katika chuo kimoja pale Moshi, enzi za taipureta. Yangu ilipoumwa niliipeleka kwa Mzee Balbir, Singasinga aliyekuwa na karakana nyuma ya soko, mzaliwa wa hapahapa, aliyekisema Kichagga vizuri kuliko watoto wangu. Siku moja nilimfikia na maelezo marefu. Nadhani springi imelegea, nadhani utepe umekauka, nadhani hivi na vile. Akaninyamazisha kwa kuinua bisibisi.

"Mama, ya springi niachie mimi. Wewe niambie kidole chako kimesikia nini."

Nikafikiri. Nikamwambia kidole kinabonyeza A, halafu kinangoja kidogo, kama kinaomba ruhusa.

"Ehee! Sasa umesema kitu," akasema, na kwa dakika kumi akawa ameshaitengeneza. Wakati ananirudishia aliongeza, "Taipureta nzuri huioni. Unaona barua tu. Siku ukianza kuiona taipureta yenyewe, ujue inaumwa, niletee."

Miaka ikapita, chuo kikanunua kompyuta, sisi wapiga chapa tukawa mapambo ya ofisi. Ndipo akaja Dokta Nsia. Alikuwa amesoma nje kwa muda mrefu, akarudi na sanduku la vitabu na neno moja: fenomenolojia. Ukilitamka haraka sokoni Sanya Juu watu watakuuliza kama ni dawa ya kupe. Alikuwa anaanzisha kitengo kidogo cha kuchunguza jinsi watu wanavyoishi na kompyuta. Akanichukua mimi kwa sababu, alisema, nilikuwa mtu pekee chuoni aliyejua kuilalamikia kibodi mpya bila kutaja hata springi moja.

Wiki ya kwanza alinieleza falsafa ile mpaka chai ikapoa. Wasomi wakubwa waliandika kurasa na kurasa kueleza kwamba chombo kinachofanya kazi vizuri humpotea mtumiaji machoni, akabaki na kazi yake tu. Nikamwambia Mzee Balbir alinieleza hayo kwa sentensi tatu. Dokta hakucheka.

"Basi nusu ya shahada unayo," alisema. "Nusu iliyobaki ndiyo ngumu. Kabla hujamtazama mtu, yote unayodhani unayajua juu yake yaweke kwenye mabano."

Nilidhani tumehamia kwenye hesabu. Kumbe alikuwa anasema kwamba mawazo yako hayafutiki, hivyo yaache mlangoni pamoja na viatu, uingie bila hayo, ulione jambo kama linavyomjia yule anayeliishi. Nikatikisa kichwa kwa hekima nyingi, nikaenda kazini na mawazo yangu yote, na viatu juu yake.

Ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeleta mashine ya kutoa namba za foleni. Mzee mmoja wa Tarakea alichukua namba, akaikunja ndani ya Biblia yake, akapanda gari akarudi zake Rombo. Siku ya tatu alirudi, akaiweka ile namba dirishani. Karani akamwambia imeshapitwa. "Imepitwaje, na hii hapa?" mzee akauliza. Mimi nikaandika kwamba wazee hawaelewi foleni ya kisasa, nikaenda kula. Dokta Nsia akanirudisha nikamuulize mzee mwenyewe. Mzee akanieleza taratibu, kama anamwelewesha mtoto, kwamba karatasi yenye nembo ya ofisi ni ahadi, na ofisi ikishakuahidi, wewe haraka ya nini? Siku ile alikuwa anawahi kumwona mkwewe mgonjwa. Hakuwa ameshindwa kuelewa mashine. Aliiamini kuliko walioinunua.

Mngedhani hapo nilikuwa nimejifunza. Nami nilidhani hivyo.

Sasa nije kwenye aibu yenyewe. Huku kwetu Masama kuna kituo cha kukusanyia maziwa cha chama cha wafugaji. Kila asubuhi kina mama huja na ndoo na keni zao, wanapanga foleni, na mpokeaji anapima kama maziwa ni mazima kabla ya kuyamimina kwenye tangi la baridi. Ndoo moja mbovu ikiingia, tangi zima limeharibika. Kwa miaka kumi na tisa mpokeaji alikuwa Aikande, mama wa rika langu mwenye viganja vipana na sauti nzito ya kwaya. Alikuwa anafungua kifuniko, ananusa, anachanganya maziwa kidogo na spiriti kwenye kikombe, anatazama kama yanagandana, basi.

Uongozi wa chama ukaona hayo ni mambo ya kale. Wakapata mfadhili, mfadhili akapata kampuni, kampuni ikampata Brayani, kijana wa Dar mwenye akili nyingi ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, maziwa hanywi. Brayani akaleta kishikwambi chenye kijiti. Unachovya kijiti kwenye maziwa, kioo kinakuonyesha hali yake, halafu unabonyeza kitufe cha kijani, Kubali, au chekundu, Kataa. Ukibonyeza Kataa, taa nyekundu inawaka na sauti ya dada fulani wa mjini inatangaza: "Maziwa yamekataliwa! Maziwa yamekataliwa!" Mara mbili, kwa faida ya wasiosikia vizuri.

Sisi tukapewa kazi ya kuutathmini mfumo huo. Ilikuwa masika, barabara ya kupandia ni tope tupu, nami nilikuwa nimeshazoea kiti changu. Nikamwambia Brayani anitumie kumbukumbu za mfumo na video za kamera iliyofungwa juu ya kaunta. Nikakaa Moshi na chai yangu ya tangawizi, nikamtathmini Aikande bila kuchafua soli. Kumbukumbu zilisema wazi kwamba mara kwa mara kijiti kilisoma maziwa mabovu, naye akabonyeza Kubali. Video zilionyesha mikono yake tu, na sauti yake ikisalimia. Wengine aliwasalimia kwa neno moja, wengine akawauliza habari mpaka kioo kikazima chenyewe. Nikachukua saa, nikazipima zile salamu. Ndiyo, wajukuu zangu, bibi yenu alipima salamu kwa sekunde.

Ripoti yangu ilikuwa na jalada zuri sana. Ndani iliandikwa: "Mtumiaji hatofautishi kitufe chekundu na cha kijani. Mtumiaji hupoteza muda kwa mazungumzo yasiyohusu kazi." Na mwisho, Mungu anisamehe, nikatoa pendekezo: "Uamuzi wa kukataa uondolewe kwa mtumiaji, ufanywe na mfumo wenyewe." Aliyeandika hayo ni mimi, niliyezaliwa mwendo wa nusu saa juu ya kituo kile, nikalelewa na mama aliyeuza maziwa.

Dokta Nsia akairudisha na swali moja kwa penseli: "Aikande yuko wapi humu?" Nikamwambia yuko ukurasa wa nne.

"Ukurasa wa nne kuna vidole," akasema. "Panda Masama."

Tatizo ni kwamba ripoti ilikuwa imeshatumwa. Brayani aliiomba, na mimi nilikuwa najivunia jalada. Bodi ikakaa. Baadhi wakasema maskini Aikande hajui rangi. Wengine, wenye roho mbaya zaidi, wakasema rangi anazijua sana, ila anapitisha maziwa mabovu ya ndugu zake. Mwenyekiti akatangaza kwamba Ijumaa utazinduliwa mfumo mpya unaoamua wenyewe, na siku hiyohiyo Aikande atapumzishwa, nafasi yake ishikwe na msichana aliyesoma kompyuta. Kupumzishwa ni neno la heshima tunalolitumia tukimfukuza mtu. Kufikia jioni kila kihamba, yaani kila nyumba na migomba yake, kilikuwa na habari kwamba Aikande anatolewa kwa kosa la upendeleo, na mtu aliyewapa sababu ya kusema hivyo alikuwa mimi.

Nikapanda Jumatano asubuhi. Nikakaa nyuma ya bega lake, nikafungua pochi, nikagundua miwani nimeiacha Moshi juu ya friji. Hiyo ndiyo mbinu ya utafiti ninayowakabidhi, na kwenye warsha zenu za hotelini hamtaipata: sahau miwani. Kioo kile kwangu kilikuwa ukungu wa buluu. Ikanibidi nitazame vitu vikubwa, na vitu vikubwa pale walikuwa watu.

Akaja mama wa kwanza. Aikande akafungua kifuniko, akainama, akainuka.

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Haya mama, asante." Maziwa yakamiminwa. Wa pili hivyohivyo.

Wa tatu alikuwa mjane mmoja mwenye keni ya zamani. Aikande akainamia ile keni, akakawia kidogo, akainuka na tabasamu.

"Umeamkaje, mama? Na mguu unaendeleaje? Na kijana wa Arusha amepiga simu? Yule mbuzi je, amezaa salama?"

Huku akiuliza, mkono mmoja ulichovya kijiti na kubonyeza kitu, mwingine ukaisogeza keni taratibu nyuma ya mlango. Mjane akajibu la mguu, akajibu la kijana. Alipofika kwenye mbuzi akatazama chini. "Nimesikia," akasema kwa sauti ndogo, akaondoka na heshima yake. Waliokuwa nyuma yake waliendelea kuzungumzia bei ya pumba.

Ile keni haikuingia tangini. Asubuhi ile zilikuja keni mbovu tatu, na mara tatu zote salamu zikarefuka. Kile nilichokiita kupoteza muda ndicho kilichokuwa kazi yenyewe, na waliowahi kuulizwa habari za mbuzi walilijua hilo bila kuhitaji ripoti. Wajumbe wa bodi hawakulijua kwa sababu wajumbe wa bodi hawapangi foleni ya maziwa.

Foleni ilipoisha nikamuuliza kwa nini anabonyeza Kubali.

"Dada, kwani wewe wa wapi?"

"Wa hapo juu tu."

"Basi unaniuliza nini? Nikibonyeza hicho chekundu kinapiga kelele. Yule mama naimba naye kwaya moja. Ng'ombe wake kiwele kimevimba, wiki nzima halali. Nimtangaze mbele za watu kama mwizi wa ndizi? Maziwa nayaweka pembeni. Akirudi mchana namweleza tukiwa wawili, anawapelekea nguruwe." Akafuta mikono kwenye kanga. "Mimi hicho cha kijani sikubalii maziwa. Nakinyamazishia tu."

Rudieni maneno hayo, mimi niliyarudia njia nzima. Brayani alitengeneza kitufe cha Kubali. Mkononi mwa Aikande kilikuwa kitufe cha Nyamaza. Ningekaa na zile kumbukumbu za mfumo miaka mia nisingelijua hilo, kwa sababu mfumo uliandika kilichobonyezwa, haukuandika kilichofanywa.

Nikamwambia ile ripoti niliiandika mimi.

"Najua," akasema. "Mwenyekiti alinionyesha. Ina jalada zuri."

Nikaenda kwa Mwenyekiti. Akanikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema takwimu hazidanganyi na takwimu zenyewe nimezileta mimi. Nikampigia Brayani. "Shikamoo mama. Wala usiwaze, mfumo uko poa. Tatizo ni yuza." Yuza ndiye mtumiaji, yaani Aikande. Nilikuwa nimewapa mpini, sasa mimi nimeshika makali.

Alhamisi nikachuma jani la sale kwenye ua wa marehemu mama yangu. Msio wa huku mjue kwamba kwetu ukimkosea mtu humwendei na maelezo, unamwendea na jani hilo, naye akilipokea hana budi kukusikiliza. Ni mfumo wa tangu enzi za mababu, na haujawahi kuniomba nenosiri. Aikande akalipokea kwa mikono miwili. Hakusema amenisamehe. Alisema kesho niwahi, na nisisahau miwani.

Ijumaa pale kituoni palikuwa na turubai, maputo, soda na mpiga picha. Mwenyekiti alikuwa amekata shauri kuwa wa kwanza kupimiwa, kwa maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, ndani ya keni mpya iliyong'aa. Aikande alitakiwa kupokea keni hiyo moja tu, kisha akabidhi kishikwambi kwa yule msichana. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili. Nilipoliona lile gauni machozi yalinilenga.

Akafungua kifuniko, akainama, na hakuinuka haraka.

"Mwenyekiti, umeamkaje?"

"Salama, salama."

"Na mama watoto hajambo?"

"Hajambo. Endelea."

"Na wale wa Dodoma?"

Nikaanza kuhesabu maswali. "Na bibi, kifua kimepoa?"

"Mama, chovya kijiti, watu wanasubiri," akasema Mwenyekiti, akiitazama kamera. Maskini, hakujua anapewa nini.

Akachovya. Mfumo mpya haukumwuliza mtu, kama nilivyopendekeza. Taa nyekundu ikawaka na dada wa mjini akavuta pumzi: "Maziwa yame—" Kiganja kipana cha Aikande, kibichi kwa maziwa, kilikuwa kimeshatua juu ya spika. Maneno yaliyobaki yakatoka kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Mpiga picha akashusha kamera. Aikande hakuondoa mkono, wala sauti yake haikubadilika.

"Na ng'ombe, Mwenyekiti? Hawajambo?"

Safari hii nilikuwa na miwani, kwa hiyo nilimwona Mwenyekiti vizuri. Aliutazama ule mkono. Alitazama keni yake, ambayo mkono wa pili ulikuwa tayari unaisogeza nyuma ya mlango. Kisha akamtazama usoni yule mama ambaye yeye mwenyewe alikuja kumtoa kazini.

"Jana nilisema wachanganye ya jioni na ya asubuhi," akasema polepole. "Ili keni ijae, kwa ajili ya picha." Akatazama chini. "Nimesikia."

Hotuba haikusomwa. Mwenyekiti alimvuta Brayani pembeni, nami nikasogea kwa sababu kusikiliza ya watu ndiyo taaluma yangu. "Huyu dada anayepiga kelele," aliuliza, "anaweza kunyamazishwa?"

"Hiyo? Dakika mbili tu, mzee."

Dakika mbili! Tulikuwa tumebakiza hatua moja kumvunjia mtu kazi ya miaka kumi na tisa, na jina lake, kwa jambo la dakika mbili ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Nilitamani ardhi inimeze, na Brayani nimwachie nafasi pembeni yangu.

Aikande alibaki, na yule msichana akawekwa kando yake ajifunze kunusa. Brayani alikaa nao asubuhi tatu, kwa amri, akaongeza kitufe cha tatu cha kijivu kisicho na sauti, kilichoandikwa Pembeni. Siku hizi ni mtu mkubwa, na nasikia kisa hiki anakisimulia kwenye mikutano kama wazo lake. Mimi hunitaja kama mdau. Ripoti ya pili niliiandika bila jalada, na Dokta Nsia akaandika kwa penseli, "Sasa nimemwona." Sijawahi kupata cheti kingine ninachokithamini kama karatasi ile.

Nimestaafu sasa, nimerudi kwenye kihamba na ng'ombe wawili, na maziwa nayapeleka mwenyewe. Binti wa viatu vyeupe alilala kwangu siku ile, na asubuhi nikamchukua twende naye kituoni, aone kwa macho yake mahali bibi alipojifunzia kazi. Njia nzima nilimhubiria habari za mabano, mtu na chombo. Nilikuwa nimevimba kichwa, sikatai. Kwenye foleni nilimwambia asimame karibu, aangalie jinsi inavyofanyika.

Zamu yangu ikafika. Aikande akafungua kifuniko changu, akainama, akakawia kidogo.

"Dada, umeamkaje?"

"Salama."

"Na mzee?"

"Yupo, mzima."

"Na wajukuu?"

"Wazima."

"Na yule wa Mwanza, ameshajifungua?"

Binti akanisogelea sikioni, simu mkononi, akiandika. "Bibi," akaninong'oneza, "mbona huyu mama anapoteza muda?"

Nikatazama chini.

"Nimesikia," nikasema.